Nizamu si nidhamu: tuliyojifunza kwa kufuatilia maandamano na vita vya nchi za Kiarabu

Sikio la Mswahili linaposikiliza Kiarabu lina hatari moja: linaelewa nusu. Kibwagizo kilichoanzia Tunisia na kufika Cairo, Sanaa, Manama na Daraa mwaka 2011 kilikuwa "ash-shaab yurid isqat an-nizam". Mtu wa Mombasa au Unguja analidaka neno nizam na papo hapo linamkumbusha nidhamu, kana kwamba vijana wale wanadai watu wasiwe na adabu. Nizam pale ni utawala, mashine nzima ya dola pamoja na polisi na mashushushu wake. Umma unataka utawala uanguke, basi. Tumezifuatilia nchi zile kwa miaka zaidi ya kumi kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, na makosa yetu mengi yametoka kwenye maneno tuliyodhani tunayajua. Neno geni kabisa mtu hulitafutia maana.

Chukua fitina. Bashar al-Assad alipohutubia bunge la Syria tarehe 30 Machi 2011, wiki mbili tu baada ya watu kuanza kuingia barabarani, alilirudia sana neno fitna. Kwetu fitina ni umbeya, maneno ya chini kwa chini ya kumharibia mtu. Katika Kiarabu cha siasa na historia, fitna ni umma kupasuka na kuchinjana, kama ilivyokuwa baada ya kuuawa Khalifa Uthman. Aliyetafsiri "Rais awalaumu wenye fitina" aliandika habari ya majungu. Kilichosemwa bungeni kilikuwa kizito zaidi: rais alikuwa ameshayaita maandamano vita vya wenyewe kwa wenyewe kabla havijawa.

Shahidi ndilo baya kuliko yote. Kiarabu kina maneno mawili: moja la aliyeuawa akiwa kwenye njia anayoiamini, na jingine la aliyeona jambo kwa macho yake. Sisi tumeyakunja yote mawili kuwa "shahidi". Njia ya kutoka hapo ni kusikiliza wingi wake. Ukisikia shuhada, ni waliouawa. Ukisikia shuhud, au shahid ayan, ni walioona. Bila hivyo, habari ya watu saba kuuawa Homs, Syria, inageuka kuwa mashahidi saba wamejitokeza kutoa ushahidi. Na neno lenyewe linakuambia aliyeshika kipaza sauti yuko upande gani: kila kundi huwaita maiti wake shuhada, na wa adui huwaita qatla, waliouawa tu. Ni hivyo hivyo kwa kundi lililojitangazia ukhalifa Juni 2014, lile linaloitwa Islamic State. Wafuasi wake walisema ad-Dawla, yaani Dola. Aliyesema Daish alikuwa adui wao, au walau si mwenzao. Ukisikiliza neno hilo moja unajua kama mtu anayezungumza kutoka Raqqa, makao yao nchini Syria, anasema kwa hiari au anachunga shingo yake.

Baada ya maneno huja tarehe, na hapa tumeumia zaidi ya inavyostahili.

Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili. Sisi tunaanzia Jumamosi. Kwa hiyo al-ithnayn, ambalo ndani yake kuna mbili, ni Jumatatu yetu. Ath-thulatha, lenye tatu, ni Jumanne. Al-arbiaa, lenye nne, ni Jumatano. Tunakutana kwenye Alhamisi na Ijumaa peke yake. Mtu anasikia thulatha, anakumbuka thelatha ya thelathini, anaandika Jumatatu, na ameshakosea siku nzima. Maandamano makubwa ya kwanza ya Misri, ya 25 Januari 2011, yaliyopangwa makusudi iwe Siku ya Polisi, yalikuwa ath-thulatha: Jumanne. Ijumaa iliyofuata, tarehe 28, ndiyo iliyoitwa Ijumaa ya Ghadhabu.

Miezi nayo ina makabila yake. Misri na Sudan wanasema yanayir, fibrayir, mars, na humo hapapotei mtu. Tunisia na Algeria wamefuata Kifaransa: janvi, fivri, avril, hadi Agosti inayotamkwa ut. Syria, Lebanon, Jordan na Iraq wanatumia majina ya kale: Februari ni shubat, Machi ni adhar, Aprili ni nisan, Juni ni haziran, Julai ni tammuz, Agosti ni ab, Septemba ni aylul. Mtego mkubwa uko kwenye majina pacha. Tishrin ziko mbili, ya kwanza ni Oktoba na ya pili Novemba. Kanun ziko mbili pia: kanun al-awwal ni Desemba, na kanun ath-thani ni Januari. Mtu akisikia "ath-thani", ya pili, anaandika Februari. Libya ya Gaddafi ilikuwa na majina ya kujitungia: Februari iliitwa an-Nuwar, Agosti Hannibal, na Septemba al-Fatih kwa heshima ya mapinduzi yake ya 1969. Anayechimba kumbukumbu za Libya za kabla ya utawala ule kuanguka atayakuta.

Ngoja tuonyeshe kwa karibu. Video nyingi za Homs za 2011 na 2012 zilipigwa na vijana waliokwisha kuzoea kwamba dunia haiwaamini. Ndiyo maana mpiga picha huanza kwa kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini na kwa haraka: Hums, kisha jina la mtaa, kisha siku, kisha tarehe. Wengine walishika kipande cha karatasi mbele ya kamera. Tuseme karatasi inasomeka, kutoka kushoto kama tulivyozoea, ٢/٤. Aliyesoma madrasa anazijua tarakimu hizo, maana ndizo za namba za aya kwenye msahafu: mbili, mkwaju, nne. Anaandika 2 Aprili. Lakini mwenye kalamu aliandika kutoka kulia. Alianza na siku, nne, akapiga mkwaju, kisha mwezi, mbili. Ni 4 Februari. Sasa sikiliza sauti: anasema as-sabt, arbaa shubat. Jumamosi, tarehe nne Februari. Fungua kalenda ya 2012: tarehe 4 Februari ilikuwa Jumamosi kweli, na usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo mtaa wa Khalidiya ulipopigwa mizinga vibaya. Karatasi, sauti na kalenda vimekubaliana. Kimoja kingepingana na vingine, video ingekaa pembeni. Kwa aliyezoea, kazi hii ni ya dakika tatu.

Tarakimu zenyewe zina vichekesho vyake. Tano ya Kiarabu, ٥, ni duara kama sifuri yetu; sifuri yao ni nukta. Sita, ٦, kwa mbali inafanana na saba yetu. Kwenye video chafu, namba ya gari au ya jengo inaweza kukudanganya hapo.

Saa ndiyo mahali ambapo Mswahili anafanya hesabu mara mbili, na anayefanya mara moja hupotea. Msudani akisema as-saa tisaa sabahan, anamaanisha saa 9 ya saa za kizungu, asubuhi. Tangu Novemba 2017 Khartoum iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ni 10:00, yaani saa nne asubuhi. Aliyeandika "saa tisa" ameipeleka habari alasiri. Damascus nayo kabla ya Oktoba 2022 ilikuwa ikibadili saa majira ya baridi na ya joto. Tangu hapo iko sawa na sisi mwaka mzima. Yemen imekuwa sawa na sisi wakati wote. Tunaandika saa ya huko kwanza kama ilivyosemwa, kisha yetu, na hatuifuti ile ya kwanza.

Mahali pia pana pacha na mapacha watatu. Tripoli ziko mbili, ya Libya na ya Lebanon, na zote zilikuwa na risasi miaka ileile: ya Libya kwenye vita vya kumwondoa Gaddafi, ya Lebanon kati ya mitaa ya Bab al-Tabbaneh na Jabal Mohsen iliyogombana kwa sababu ya Syria. Homs iko Syria, lakini mji wa pwani wa Libya wa al-Khums huandikwa Homs kwenye ramani nyingi za zamani. Al-Bayda ziko angalau tatu: mji wa mashariki mwa Libya ulioasi mapema Februari 2011, mkoa wa katikati ya Yemen, na kijiji karibu na Banias nchini Syria ambako watu waliuawa kwa wingi Mei 2013. Jina la mji pekee halitoshi kamwe. Uliza na wilaya, au barabara inayouunganisha mji huo na mji mwingine.

Ukishapata dai la mahali, ndipo unaitazama picha. Kwanza, chukua fremu tatu au nne za video: moja yenye anga na paa za nyumba, moja yenye maandishi, moja yenye barabara. Zitafute moja moja kwa kutumia Google Lens, Yandex na TinEye, zana zinazotafuta picha kwa picha, kwa sababu kila moja ina kumbukumbu zake. Yandex mara nyingi hupata majengo ambayo nyingine hazioni. Njia hii hushindwa kwa sababu za kawaida sana: mtu ameigeuza picha kushoto kulia, ameikata pembeni, au amebandika nembo na maandishi makubwa katikati. Igeuze mwenyewe, ikate sehemu yenye maandishi, jaribu tena. Maandishi ya duka yanayosomeka kinyumenyume ni dalili ya wazi.

Pili, tafuta vitu visivyohamishika. Mnara wa msikiti una umbo lake, idadi ya vibaraza vyake, na jinsi unavyosimama ukilinganisha na kuba. Mnara wa saa, kipilefti, mkunjo wa mto, mlima nyuma ya mji. Khartoum ni rahisi kuliko miji mingi kwa sababu ya mito miwili kukutana na madaraja yake. Ukishajua daraja lipi linaonekana na jua liko upande gani, unajua kama uko Khartoum yenyewe, au miji ya ng'ambo, Bahri na Omdurman. Matangi ya maji juu ya paa hayatakusaidia, yako kila mahali. Vivuli vitakusaidia: anayesema ni asubuhi wakati kivuli cha nguzo kinaelekea mashariki, amekosea au anadanganya.

Tatu, bendera. Syria ya Assad ilikuwa nyekundu, nyeupe na nyeusi yenye nyota mbili za kijani. Wapinzani walibeba ile ya kijani, nyeupe na nyeusi yenye nyota tatu nyekundu, ambayo sasa ndiyo ya serikali. Libya ya Gaddafi ilikuwa kijani kitupu. Yemen ya kusini ina pembetatu ya bluu yenye nyota nyekundu, na ikionekana Aden usiandike kwamba ni bendera ya Yemen, maana utakuwa umewaudhi wote wawili.

Kwa nini taabu yote hii? Mei 2012, baada ya mauaji ya Houla nchini Syria, BBC ilitoa kwenye tovuti yake picha ya mtoto akiruka safu za maiti waliofungwa sanda. Picha ilikuwa ya Iraq, ya Al-Musayyib kusini mwa Baghdad, mwaka 2003. Mpiga picha wake mwenyewe ndiye aliyeitambua. Houla yalikuwa mauaji ya kweli, ya watu zaidi ya mia moja, karibu nusu yao watoto, lakini picha moja ya uongo iliwapa watetezi wa serikali kitu cha kushika kwa miezi. Mwaka mmoja nyuma yake, Juni 2011, dunia ilimlilia mwanablogu wa kike wa Damascus aliyesemekana kutekwa. Ikagundulika mwandishi ni mwanamume Mmarekani anayesoma Edinburgh, na picha ni za mwanamke mwingine wa London asiye na habari. Na Novemba 2014 mamilioni waliitazama video ya mtoto akimwokoa dada yake chini ya risasi za mdunguaji. Ilikuwa imeigizwa Malta na watengenezaji filamu wa Norway. Dosari ya video ile ilikuwa uzuri wake: kamera ilikuwa mahali panapofaa kila sekunde, na hakuna aliyejitaja, wala mtaa, wala siku. Vijana wa Homs walijitaja.

Sasa habari za "mji umeanguka". Tarehe 21 Agosti 2011 waasi wa Libya walitangaza kwamba wamemkamata Saif al-Islam, mwana wa Gaddafi, na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai akalithibitisha. Usiku wa kuamkia tarehe 23 kijana huyo akatokea kwenye hoteli ya Rixos mjini Tripoli mbele ya waandishi wa habari, hana pingu. Alikamatwa kweli Novemba 19, kusini jangwani. Pande mbili kusema jambo moja si uthibitisho kama upande wa pili umelisikia kutoka kwa wa kwanza. Sisi huuliza kila chanzo: umeona, umeambiwa, au umesoma? Watu wengi hujibu bila kuficha ukiwauliza hivyo.

Kwa miji tumejiwekea ngazi, nazo zimetuokoa mara nyingi. Ngazi ya chini ni picha ya wapiganaji kwenye kibao cha barabara kinachosema karibu mjini fulani. Hiyo haina thamani. Kibao kinaweza kuwa kilomita kumi nje, na mtu anaweza kukifikia, akapiga picha na kukimbia. Kisha barabara za ndani. Kisha kipilefti kikubwa au uwanja wa katikati mchana kweupe, watu wakiwa wamesimama wima bila kuinama, maana anayeogopa mdunguaji hasimami katikati ya barabara kupiga selfi. Kisha majengo ya usalama na magereza. Ya mwisho ni makao ya jeshi au uwanja wa ndege, na adui mwenyewe kukubali. El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, ulikuwa na makao ya Divisheni ya Sita ya jeshi la Sudan. RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi hilo tangu Aprili 2023, ilikuwa imedai na kudai tangu Mei 2024. Oktoba 26, 2025 wapiganaji wake walijipiga video kwenye makao hayo, na kesho yake mkuu wa jeshi, Burhan, akasema jeshi limeondoka. Hapo ndipo neno "umeanguka" linapoandikwa.

El Fasher ilitufundisha pia kuufuatilia mji usioingilika. Setilaiti za bure za Ulaya, Sentinel-2, hupita kila baada ya siku tano hivi, na kila nukta ya picha ni mita kumi ardhini: unaona kijiji kilichoungua, huoni mtu. Ramani ya moto ya NASA huonyesha joto, lakini nukta yake ni mita 375, na haijui kutofautisha nyumba inayoungua na mkulima anayechoma mabua au tanuri la matofali. Juni hadi Septemba mawingu ya masika ya Darfur hufunika kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliokuwa na picha kali zaidi waliuona mtaro na tuta la udongo likiinuka kuuzunguka mji mwaka 2025, zaidi ya kilomita 30, wiki baada ya wiki. Aliyeliona tuta lile hakuhitaji msemaji yeyote kumwambia nini kinakuja, kwani tuta la namna hiyo linajengwa ili watu wasitoke.

Lakini kipimo tulichokiamini zaidi kilikuwa chungu cha jikoni. Wakazi walipoanza kusema wanakula ambaz, tulilazimika kuuliza ni nini. Ni mashudu, makapi ya karanga yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta, chakula cha mifugo. Majiko ya jumuiya, takiya, yakageukia kupika hayo. Baadaye mashudu nayo yakawa adimu. Taarifa za kijeshi za wiki zilezile zilikuwa zinasema barabara itafunguliwa. Bei ya sokoni na kinachoungua kwenye sufuria ni vigumu kuvitungia uongo kila siku, na watu huvisema bila kuhisi wanatoa siri.

Kimya nacho kina maana, ila si moja. Misri ilikata intaneti usiku wa kuamkia 28 Januari 2011, na watu wakatoka nje kuuliza kuna nini, mitaa ikajaa zaidi. Sudan iliikata Juni 3, 2019, siku kambi ya waandamanaji mbele ya makao makuu ya jeshi ilipovunjwa kwa risasi, na haikuirudisha kikamilifu hadi Julai. Februari 2024 mitandao ya Sudan ikazima tena, na safari hiyo madhara yalikuwa ya njaa: familia zilikuwa zinaishi kwa pesa zinazotumwa kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum, na bila mtandao hakuna Bankak, na bila Bankak jiko la mtaa halinunui dengu. Eneo likinyamaza, andika tarehe na saa ya ujumbe wa mwisho, na usijaze pengo kwa uvumi. Mengi ya kutisha hujulikana siku mtandao unaporudi.

Idadi ya waliokufa tunaitoa kwa masharti. Umoja wa Mataifa uliacha kusasisha hesabu ya Syria Januari 2014 kwa sababu haukuweza tena kuhakiki. Septemba 2021 ukatoa 350,209 kwa miaka kumi: hao ni watu waliopatikana kwa jina kamili, tarehe na mahali pa kifo, raia na wapiganaji pamoja, nao ukasema wazi kuwa ni kima cha chini. Juni 2022 ukatoa 306,887: hao ni raia peke yao, kwa makadirio ya kitakwimu. Kuna walioziweka namba hizo pamoja wakaandika kwamba vifo "vimepungua". Kabla ya kuandika namba yoyote, pata majibu ya haya: nani kahesabu, kahesabu watu gani, kwa majina au kwa makadirio, na kuanzia lini hadi lini. Mwanzoni mwa vita vya Sudan, chama cha madaktari kilihesabu waliofika hospitali, wakati hospitali nyingi zimefungwa. Namba hiyo ni sahihi, lakini si ya waliokufa Sudan.

Ramani za rangi ndizo zilizotudanganya kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Tangu makubaliano ya kusitisha mapigano ya Moscow ya Machi 2020, mistari ya Syria ilikaa karibu palepale kwa miaka minne na nusu, na sisi tukaanza kuandika kana kwamba vita vimekwisha na Assad ameshinda. Novemba 27, 2024 wapiganaji wa Idlib, ngome ya waasi kaskazini magharibi, wakatoka. Aleppo ikaenda ndani ya siku tatu, Hama Desemba 5, na alfajiri ya Desemba 8 Assad hakuwa Damascus. Rangi kwenye ramani inaonyesha nani anashika kizuizi cha barabarani. Haionyeshi kama askari wa pale amelipwa, amekula, au yuko tayari kufa. Desemba 4 Assad alitoa amri ya kuwaongezea askari asilimia 50 ya mshahara. Habari hiyo ilikuwa mistari miwili chini ya ramani. Ilistahili kuwa juu yake.

Majina ya makundi yawekee daftari. Jabhat al-Nusra ya 2012 ikawa Jabhat Fath al-Sham Julai 2016, ikawa Hayat Tahrir al-Sham Januari 2017, na kiongozi aliyeitwa al-Jolani siku hizi ni Rais Ahmed al-Sharaa. RSF iliundwa 2013 kutokana na Janjaweed, wanamgambo wa Darfur. Bila daftari utadhani ni watu tofauti.

Usidhani ni mambo ya mbali. Februari 2011 vijana walipokusanyika kwenye kipilefti cha Sohar, Oman, simu za Unguja na Pemba zililia kabla ya redio, kwa sababu ndugu wako kule. Sultan Qaboos akaahidi ajira 50,000 na riali 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Aprili 2023 Tanzania na Kenya zilikuwa na wanafunzi wa kuwaondoa Khartoum. Februari 2025 RSF na washirika wao walitia saini Nairobi hati yao ya kuunda serikali yao wenyewe, na Machi serikali ya Sudan ikazuia bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Wakulima wa chai waliuelewa mstari wa mbele wa Darfur siku hiyo. Lakini ukaribu huo unaleta ujumbe wa sauti uliopita mikono ishirini, "kaka yangu yuko Omdurman anasema". Mwombe aliyeutuma akuunganishe na kaka. Akishindwa mara mbili, hakuna kaka.

WhatsApp huibana video na kuifuta taarifa za lini na wapi ilipigwa. Omba faili asilia litumwe kama hati, na kama mtumaji yuko kwenye eneo la vita, usimwombe kabisa litumwe likiwa na mahali alipo. Zima kujicheza kwa video kwenye simu. Tazama mara ya kwanza bila sauti, kwenye dirisha dogo. Sauti ndiyo inayobaki kichwani usiku. Maiti hasambazwi hata kwa nia njema, maana mama yake anaweza kuwa kwenye kundi hilohilo.

Na hifadhi. Mwaka 2017 YouTube iliondoa kwa mpigo maelfu ya video za Syria, ushahidi pamoja na propaganda, na waliokuwa wameweka viungo tu walibaki na ukurasa mtupu. Pakua faili, andika kiungo, siku ulipolipata na nani aliyelipandisha. Jina la faili lianze na tarehe ya tukio, mwaka mbele, ili zijipange zenyewe: 2012-02-04_Homs_Khalidiya_mizinga_01. Mwishoni weka hali yake: imethibitishwa, mahali tu, tarehe tu, au bado. Kwenye jedwali letu safu ya "bado" ndiyo ndefu kuliko zote, na kila baada ya miezi michache mtu huketi akaipitia upya, kwa sababu mnara ambao haukutambulika mwaka 2013 huenda leo una picha nyingine iliyopigwa kutoka upande wa pili wa barabara.